Muziki wa Ukambani usiachiwe baa

Mwanafunzi wa sekondari hapa Machakos akitaka kusikia gitaa la benga likipigwa mbele ya macho yake, atangoja harusi au kampeni za siasa. Kwingineko bendi hupiga usiku katika baa na vilabu, na sheria ya vileo ya mwaka 2010 humfungia mlango aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo ni njema na ibaki. Kosa ni letu sisi watu wazima tulioiachia baa kazi ya kulea muziki wa jamii nzima. Kakai Kilonzo, aliyeimba kwa Kikamba na Kiswahili hadi nchi nzima ikacheza, alifariki mwaka 1987, na vijana humjua kwa spika za matatu tu. Mabingwa walio hai nao tungoje wazikwe?

Tutaambiwa lipo Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Tunaliheshimu. Lakini kikosi cha shule hupanda jukwaani, kikacheza ngoma ya mbeni kwa dakika chache, filimbi mdomoni, mwamuzi ameinamia karatasi ya alama. Kikishuka, watoto huvua maleba na kukimbilia basi. Wenzao waliobaki shuleni, ambao ndio wengi, hawakuona lolote. Hata hao waliocheza, ni wangapi wamewahi kuketi wakamtazama mcheza mbeni aliyekomaa? Ni sawa na kumwamuru mtoto apike muthokoi ambao hajawahi kuuonja.

Walimu wakuu wanaosingizia gharama na muda hatuwaelewi. Shule hukaribisha vikundi vya uigizaji kuonyesha tamthilia zinazotahiniwa katika KCSE, na wanafunzi hulipa. Kumbe mtihani ukidai, pesa hupatikana na vipindi husogezwa. Sasa Gredi ya 10 ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Aliyeuchagua atajifunza ngoma kwa picha za kitabuni?

Lawama kubwa zaidi ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi shughuli za kitamaduni na burudani ya umma, wala si kwa hisani. Bustani ya People's Park ilifunguliwa mwaka 2014, na Uwanja wa Kenyatta upo mjini. Mahali hatukosi.

Bajeti ijayo itenge fungu la onyesho moja kila muhula, mchana, ili watoto wafike makwao kabla ya giza. Bendi za benga na wapiga ngoma za kilumi walipwe ujira kamili, si soda na makofi. Shule za vijijini ziletewe basi, ili wa mjini wasipendelewe. Pasiuzwe pombe, na mwanasiasa asipewe kipaza sauti.

Mwakilishi wadi atakayepinga fungu hilo asimame mbele ya wazazi wa wadi yake, awape sababu.