Kontena lako la biashara: bima unayolipa inakinga nini?

Ukipita Buigiri kwenye barabara kuu ya Dodoma–Morogoro utaona kontena za kila rangi: za vinywaji, za saluni, za uwakala wa pesa. Leo liko hapa, mwezi ujao limepakiwa kwenye lori limepelekwa kwingine. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote ukiacha shamba na mifugo. Na nyingi zimenunuliwa kwa mkopo. Kontena likiungua, mkopo hauungui.

Wasikilizaji wetu hutuuliza: tukate bima gani? Tuanze na ile ambayo huenda tayari unailipa.

Bima ya mkopo si bima ya kontena

Anayekopa benki mara nyingi hukatwa pesa ya bima siku anayochukua mkopo. Anaondoka akiamini kontena lake limekingwa. Kwa kawaida bima hiyo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Moto ukiteketeza kontena na mwenyewe yu hai, marejesho yanaendelea. Hata mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba lakini lazima irudishwe.

Moto, upepo na wizi

Bima ya msingi ya mali ni ya moto. Upepo, mafuriko na tetemeko huongezwa juu yake, na kila nyongeza ina ada yake. Huku kwetu usiache upepo, maana unaezua mabati kabla hata mvua haijashika. Kama umeweka kontena karibu na korongo, uliza na mafuriko.

Wizi ni bima nyingine, na mara nyingi hulipa pale tu panapokuwa na alama za kuvunja. Mtu akiingia mlango ukiwa wazi, usitegemee fidia. Pesa taslimu ya uwakala nayo kwa kawaida haimo mpaka itajwe. Na kontena ni kitu kimoja, bidhaa zilizomo ni kitu kingine. Hakikisha vyote viwili vimeandikwa.

Ukihama, toa taarifa

Hapa ndipo wenye kontena huumia kuliko wenye nyumba za matofali. Mkataba wa bima huandika mahali mali ilipo. Ukilihamishia kontena Chamwino bila kuiambia kampuni, kwenye karatasi bado liko Buigiri, na kampuni ina sababu ya kukataa madai. Hata safari yenyewe juu ya lori huhitaji kinga yake. Marekani, ambako watu wengi wanaishi kwenye nyumba za kuhamishika, mambo ni hayo hayo: bima ya nyumba iliyotulia kwa kawaida hailipi uharibifu wa njiani, na mafuriko yana bima yake.

Angalia pia umesimama wapi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiamriwa kuondoka humo, hilo si janga la kulipwa na bima.

Usipunguze thamani

Wengine hutaja thamani ndogo ili ada iwe nafuu. Chukulia kontena na bidhaa vina thamani ya shilingi milioni 6, wewe ukaandikisha milioni 3. Moto ukaharibu vya milioni 2. Kampuni inaweza kukulipa milioni 1 tu, kwa sababu ulikinga nusu ya mali. Taja gharama ya kununua upya leo, na uweke risiti na picha nyumbani, siyo ndani ya kontena.

Kabla ya kulipa

Muulize wakala leseni yake kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Mamlaka hiyo ina mfumo wa kuhakiki bima kwa simu yenye intaneti. Dai risiti na hati yenyewe. Neno la mdomo halilipi. Kama husomi vizuri, mpe mtu unayemwamini akusomee sehemu ya mambo yasiyolipwa kabla hujasaini. Madai yakikataliwa na hukubaliani, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Maoni yetu ni haya: kama huwezi kulipia kila kitu, anza na moto na upepo kwa thamani kamili, kuliko majanga matano kwa nusu thamani. Na ufanye hivyo kabla ya mvua za Desemba. Bima inayokatwa bati likiwa tayari limeezuliwa haitalirudisha.