BIBI ASMA BINTI ABUBAKAR: MIAKA MIA YA UTUMISHI



Watoto wa chuoni humjua Bibi Asma binti Abubakar (Radhiya-llahu Anha) kwa jambo moja tu, la kuupasua mshipi wake. Lakini bibi huyu aliishi karibu miaka 100, na miaka yote hiyo ina mafunzo.

Alizaliwa Makka, yapata miaka 27 kabla ya Hijra, naye ni katika waliotangulia kusilimu. Mwaka 622, Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar walipojificha katika pango la Thaur, Bibi Asma alitengeneza chakula cha safari. Alipokosa kamba ya kukifungia akaupasua mshipi wake vipande viwili. Ndipo akaitwa Dhatu-nnitakayni, mwenye mishipi miwili. Abu Jahli akaja kumwuliza alipo baba yake. Asma hakuitoa siri, akapigwa kofi hata kipuli kikamruka. Na kwa kuwa baba alichukua fedha yote, alitia vijiwe katika shubaka ya fedha, akafunika nguo, akampapasisha babu yake kipofu, Abu Kuhafa, ili mzee atulie.

Alipohamia Madina, mumewe Zuberi bin Awwam alikuwa fakiri, hana kitu ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Binti huyu wa mtu mkubwa wa Makka akawa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi na kukanda unga. Kuoka mkate hakujua sana, akiokewa na majirani zake wa Kiansari. Kokwa za tende za kulishia mnyama akizibeba kichwani kutoka shamba, mwendo wa kiasi cha maili 2.

Mwaka 73 wa Hijra (692), mwanawe Abdallah, aliyekuwa amepewa baia ya ukhalifa, alizingirwa Makka na jeshi la Hajjaj, na watu wake wengi wakamkimbia. Akenda kwa mama yake, ambaye sasa alikuwa mkongwe asiyeona, kutaka shauri. Mama akamwambia kuwa kama ajijua yu katika haki, na asimame juu yake kama walivyosimama wenziwe waliokwisha kuuawa. Mwana akasema achelea maiti yake kuchezewa. Akajibiwa kuwa mnyama akisha kuchinjwa hadhuriki kwa kuchunwa.

Abdallah akauawa, na maiti yake ikatundikwa. Hajjaj akamwita Bibi Asma, akakataa kwenda. Alipomjia mwenyewe, bibi yule alimkabili kwa maneno ya Mtume aliyoyasikia kwa masikio yake, na Hajjaj akaondoka asiwe na la kujibu. Maiti iliposhushwa na kuzikwa, hazikupita siku nyingi naye akafariki.

Enyi wazazi, ulimi ule uliomkabili mtawala haukuzaliwa siku ile. Ulilelewa na siri iliyohifadhiwa, mzigo uliobebwa pasi na manung'uniko, na elimu iliyosikilizwa. Basi anayemnyima binti yake chuo kwa kuwa ni mwanamke, na anayemlea asiguse kazi kwa kuwa ni binti wa mwenye nacho, wote wawili wamnyima urithi wa Bibi Asma. Mfunzeni, mtumeni, na mumwekeshe amana. Hamjui ni siku gani nyumba nzima itamtegemea yeye kwa shauri.

Mwenyezi Mungu amridhie, na atujaalie mabinti wa mfano wake. Amin.