Kumtenga Mlevi Si Kumponya

Katika sharika nyingi za Uchagani utaratibu unajulikana. Mkristo akizidi kulewa, mzee wa mtaa humwonya. Asiposikia, baraza la wazee humwita. Asipogeuka, hutengwa, na Meza ya Bwana hufungwa kwake hadi siku atakapotubu na kurudi kundini. Tunaandika kuupinga utaratibu huu. Hatuupingi kwa kuwa ulevi ni jambo dogo. Sisi wa Kirua Vunjo tunawazika watu wake, na tunawajua wajane wake kwa majina. Tunaupinga kwa sababu hauponyi, unawaficha wagonjwa, na mara nyingine unaua.

Neno hilo la kuua lisionekane limetiwa chumvi. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, ubongo wake umejizoeza kufanya kazi dhidi ya pombe. Pombe hutuliza, nao hujikaza ili usilale. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kutoka ndani: mlango ukiachiwa ghafla, anaanguka kifudifudi. Ndiyo sababu asubuhi mikono inatetemeka hadi azimue. Akiacha kwa siku moja, mtetemeko, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya saa chache. Wengine hupata degedege. Na kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huchanganyikiwa kabisa: huona wadudu ukutani, huongea na watu ambao hawapo, mwili huwaka moto na moyo hukimbia. Hali hiyo isipotibiwa huweza kumuua mtu.

Sasa fikirini mlevi wa namna hiyo anapoitwa mbele, anawekewa mikono, na kuamriwa asiguse tena hata tone tangu saa hiyo. Anatii. Siku ya tatu anapiga kelele usiku kwamba ukutani kuna nyoka. Nyumbani wanasema ni pepo, wanaitwa waombaji, wanakesha naye wakikemea. Hatuna ugomvi na maombi. Tuombe, tena sana. Lakini mtu huyu alihitaji kitanda cha hospitali, dawa ya kutuliza kama diazepamu, maji, na vitamini B1, na vyote hivyo vinajulikana kwa kila daktari pale Mawenzi na KCMC. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiambiwe aache leo. Aambiwe twende hospitali leo.

Wapo wenzetu wanaojibu kwamba ulevi ni dhambi, na kuuita ugonjwa ni kumpa mlevi kisingizio. Tunawaheshimu, lakini hoja hii inatushangaza ikitoka kwa Walutheri. Martin Luther aliandika kitabu kizima mwaka 1525 juu ya utumwa wa nia, akishindana na wale waliodhani mwanadamu anaweza kujigeuza kwa nguvu zake. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo kila kipaimara wetu anaikariri, tunakiri kwamba hata kuamini hatuwezi kwa uwezo wetu wenyewe. Kisha tunamgeukia mlevi na kumwambia, "Wewe huna nia tu. Ungetaka ungeacha." Ni mafundisho ya nani hayo? Paulo katika Warumi sura ya saba anajiona akitenda lile analolichukia, wala hatujapata kusikia akiambiwa kwamba anatafuta kisingizio.

Na dhambi na ugonjwa havifukuzani. Mtu aweza kuwa ametenda dhambi alipoiuza ng'ombe ya watoto ili anywe, na wakati huohuo awe mgonjwa asiyeweza kuacha bila msaada. Daktari wa kisukari hamfukuzi mgonjwa aliyekula sukari. Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi wa pombe katika orodha ya magonjwa, pamoja na ule wa bangi na heroini, na hakuna sharti la imani linalotuzuia kukubali.

Tena tuseme wazi kuhusu orodha ya Paulo kwa Wakorintho, ile inayosomwa sana barazani. Walevi wamo, ni kweli. Wachoyo nao wamo, na wanyang'anyi. Ni mchoyo gani umepata kumwona akitengwa? Mwenye kilabu anayemuuzia baba wa watoto watano gongo saa moja asubuhi huleta ahadi yake kanisani, na inapokelewa kwa makofi. Ndizi zilizoletwa kama sadaka zikinadiwa baada ya ibada, mkungu mzuri mara nyingine huondoka na mpika pombe. Hatusemi asinunue. Tunasema tu kwamba kanisa lililokaa karibu hivyo na chungu cha pombe lisijifanye halijui mteja alitoka wapi.

Kuna wanaolaumu mila, na kutaka mbege ipigwe vita yote. Mbege ni ndizi na ulezi na uchungu wa msesewe. Ni kinywaji cha posa, cha matanga na cha kupatanisha ndugu waliogombana. Inaweza kulewesha, na wapo ambao hawapaswi kuigusa kamwe. Lakini vijana wetu wanaokufa mapema wengi wako kwenye vileo vikali. Gongo imekatazwa na sheria tangu mwaka 1966 (sheria yenyewe inaiita "Moshi", jina la mji wetu, bila kutuomba radhi), na bado inapikwa mabondeni. Viroba vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mifuko ile ikatoweka mitaroni, tukashukuru. Wanywaji wakahamia chupa ndogo. Marufuku husaidia, hasa kwa mtoto ambaye hajaanza. Kwa aliyekwisha kufungwa, hubadilisha chombo tu.

Wakati baraza linaandika majina ya waliotengwa, wengine wanatibu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011. Zanzibar, waliopona wenyewe wanaendesha nyumba za upataji nafuu na kuwapokea wenzao. Na hapa chini yetu, KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Shirika la Msamaria Mwema, wauguzi wa idara ya dharura wamefundishwa kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaokunywa, bila kuwalaumu, katika mpango ulioitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi anamuuliza mgonjwa mwenyewe anaonaje, anataka nini, ataanzia wapi. Ndivyo mchungaji alivyopaswa kuuliza.

Huyo Msamaria, tukumbuke, hakumhoji aliyelala njiani kwamba kwa nini alipita barabara ile. Alimsafisha vidonda, akampandisha mnyama wake, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mabaraza ya wazee yafute kutenga kwa sababu ya ulevi. Anayetaka kuja Mezani akiwa hajalewa, aje, hata kama alilewa Alhamisi. Wale wanaojua hawana nguvu ndio walioalikwa. Mwenye uraibu apewe kikombe cha maji ya zabibu yasiyochacha, bila kutangazwa. Kila usharika uchague watu wawili, na mmoja awe aliyepona, wa kumsindikiza mgonjwa hadi barabara kuu na hadi hospitali, kisha wamtembelee mwaka mzima, kwa kuwa wengi huanguka tena kabla ya kusimama. Nauli na gharama za siku za kwanza zitoke katika mfuko wa diakonia. Na mpango huo uingizwe katika bajeti ya mwaka ujao, kabla ya rangi ya kanisa.