Tandawala wa Kwao, Moto wa Kwetu

Nimesikia mara nyingi kwamba jeshi ndilo mlinzi bora wa wanyamapori. Mfano unaopendwa ni Salisbury Plain, Uingereza, ambako jeshi lilianza kununua ardhi ya mazoezi mwaka 1897. Na kweli, inashangaza. Sehemu kubwa ya nyasi zile haijaguswa na jembe wala mbolea, kwa hiyo maua na ndege wamebaki. Hata madimbwi yanayoachwa na vifaru yana uduvi adimu. Tandawala, waliotoweka Uingereza karne ya 19, walianza kurudishwa hapo mwaka 2004.

Sawa. Lakini wanakijiji wa Imber, waliohamishwa mwaka 1943 kupisha mazoezi, hawakuruhusiwa kurudi kuishi kwao. Bei hiyo haitajwi sana.

Sasa njoo huku kwetu. Jeshi hilohilo hufanya mazoezi Laikipia. Machi 2021 moto ulizuka Lolldaiga wakati wa mazoezi yao, ukateketeza maelfu ya ekari. Wakazi wakaenda mahakamani. Na Laikipia pia ina tandawala, eti, tena wakubwa kweli, nao hutaga chini kwenye nyasi.

Basi makomredi, tusiambiwe bunduki inalinda ndege. Kule kuna sheria ya hifadhi na watu wanaohesabu viota. Mimi nataka hayohayo hapa: kabla ya kila zoezi, viota vikaguliwe, vizuizi vya moto viwepo, na ripoti isomwe barazani Nanyuki, kwa Kiswahili, wenyeji wakiwepo.