Kufunga ili kupunguza uzani: Tuitazame sahani, si saa

Katika miaka ya hivi karibuni imezuka desturi ya watu kujinyima chakula kwa saa kadhaa kila siku, si kwa ajili ya toba wala ibada, bali kwa nia ya kupunguza uzani wa mwili. Desturi hiyo haikukomea Nairobi na Mombasa. Imepenya hadi katika miji midogo ya nchi ya majani chai, Longisa ikiwa mojawapo, na si ajabu siku hizi kumsikia mwalimu, karani au mfanyabiashara wa sokoni akisema kwamba hatii kitu kinywani hadi saa sita ya mchana. Wengi wao walianza kwa ari kubwa. Sasa miezi imepita, ari imefifia, na swali linalowakabili ni moja tu: je, inafaa kuendelea?

Swali hilo si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Nyuma ya takwimu hizo kuna kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na magoti yasiyoweza tena kupanda mlima. Kwa hiyo, anayetafuta njia ya kupunguza uzani hatafuti urembo peke yake. Anatafuta afya na umri. Hata hivyo, wema wa safari hauifanyi kila njia kuwa njema.

Wapo wazee ambao huwacheka watu wenye chakula nyumbani na ambao hukataa kukila. Kicheko chao kina sababu. Ilikuwa katika tarafa ya Longisa, mnamo Septemba 2011, ambapo ule ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini. Mimea ilinyauka ikiwa bado mashambani, magunzi yakatoka bila punje za maana, na ugonjwa ukaenea hadi wilaya nyinginezo. Aliyeyashuhudia mashamba yale hawezi kulichukulia neno njaa kwa wepesi. Lakini ukweli ni kwamba mahali palepale palipowahi kukosa mahindi panaweza pia kuwa na watu walionenepa kupita kiasi, kwa kuwa vyakula vinavyopatikana kwa urahisi zaidi madukani ni sukari, unga uliokobolewa na mafuta ya kupikia. Tusiwacheke basi wanaofunga. Tuwasaidie kupima faida na hasara.

Njia zenyewe ni nyingi. Iliyo maarufu zaidi humruhusu mtu kula katika muda wa saa nane na kujizuia kwa saa kumi na sita. Nyingine humtaka ale kidogo sana siku mbili kwa juma, na siku tano zilizosalia ale kama kawaida. Hiyo ilipata umaarufu kupitia kwa Michael Mosley, mwanahabari wa Uingereza aliyesomea udaktari, katika filamu aliyoitengenezea BBC mwaka wa 2012 na kitabu kilichofuata mwaka wa 2013. Wengine hufunga siku moja na kula siku ya pili. Watetezi wa njia hizi hudai kwamba mwili usiopata chakula kwa saa nyingi huanza kuchoma mafuta na kujisafisha wenyewe, na baadhi yao huitaja Tuzo ya Nobel aliyopewa mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, mwaka wa 2016. Hapana budi kukumbushana kwamba utafiti wa Ohsumi ulihusu jinsi chembe za uhai zinavyosaga na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa, na aliufanya kwa kutumia hamira. Hakupewa tuzo kwa kupunguza matumbo ya watu.

Tukitaka kujua kuhusu matumbo ya watu, yafaa tuwaangalie watu waliopimwa. Huko Chicago, watu 100 walifuatiliwa kwa mwaka mzima katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017. Baadhi yao walifunga siku moja baada ya nyingine, na wengine walipunguza chakula kidogo kila siku. Makundi hayo mawili yalipungua uzani kwa kiwango kilichokaribiana sana, ila waliofunga ndio waliokata tamaa zaidi: asilimia 38 yao waliacha njiani, ilhali upande wa pili walioacha walikuwa asilimia 29. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2020, uliwataka watu wale kuanzia saa sita ya mchana hadi saa mbili usiku bila kuelezwa wale nini. Baada ya wiki kumi na mbili walikuwa wamepungua chini ya kilo moja, na tofauti baina yao na wale waliokula mara tatu kwa siku haikuwa ya kutajika. La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba, kwa wale waliopimwa kwa undani, sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta bali nyama za mwili, yaani misuli.

Kule Guangzhou nchini Uchina, watu 139 wenye unene wa kupindukia waliwekewa kiwango cha chakula kwa muda wa mwaka mmoja. Nusu yao hivi waliamriwa pia kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri tu. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba waliofuata saa walipungua kilo 8 na wasioifuata wakapungua kilo 6.3, tofauti ambayo watafiti wenyewe walisema haitoshi kuthibitisha kwamba saa iliongeza chochote.

Lakini mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Mwaka wa 2023 utafiti mwingine wa Chicago ulionyesha kwamba watu waliokula kati ya saa sita ya mchana na saa mbili usiku, bila kuhesabu kalori, walipungua zaidi ya kilo nne kwa mwaka wakilinganishwa na wale ambao hawakubadilisha chochote. Walikaribiana na wenzao waliohesabu kila tonge. Hili si jambo dogo kwa mtu wa Longisa, ambaye hana mizani jikoni wala daftari la kalori, na ambaye hatarajiwi kuwa navyo. Saa ni chombo rahisi ambacho kila mtu anakielewa.

Kutokana na hayo yote, jambo moja ladhihirika. Kufunga hakuna muujiza wake pekee. Humpunguza mtu uzani pale tu kunapomfanya ale kidogo kuliko alivyokuwa akila. Saa ni kama ua unaozungushiwa shamba: ukiwa imara, mbuzi hawaingii, ukiwa na mwanya, mwenye shamba atakesha bure. Na katika mazingira yetu mianya ni mingi.

Mwanya wa kwanza ni chai. Katika nchi ya majani chai, kikombe si kinywaji tu. Ni salamu na heshima, na mgeni anayekikataa huwa amemvunjia mwenyeji moyo. Basi wapo wanaosema wamefunga tangu usiku, kumbe tangu alfajiri wamekwisha kunywa vikombe viwili vitatu vya chai ya maziwa iliyokolea sukari. Tupige hesabu. Kijiko kimoja cha sukari ni gramu 4 hivi. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe, na kunywa vikombe vitano kwa siku, amekula gramu 60 za sukari, sawa na kalori 240, kabla ya kuhesabu maziwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba ingefaa zaidi sukari ya namna hiyo isipite gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita. Mtu huyo hajafunga. Ameahirisha ugali tu.

Mwanya wa pili ni chakula cha jioni. Aliyeshinda na njaa hukaribia sahani kama mdai aliyemkuta mdeni wake. Mlima wa ugali, au kimyet kama unavyoitwa na wenyeji, hupanda kimo. Mursik hufuata, na chapati ikiwapo haisazwi. Ndugu zetu wa pwani wanalifahamu jambo hili vyema. Katika mwezi wa Ramadhani, ambao lengo lake ni ibada na si uzani, wapo wanaoumaliza mfungo wakiwa wamenenepa kwa sababu ya kaimati, viazi vya karai na mahamri ya futari. Tafiti zilizokusanya vipimo vya wafungaji katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kwa wastani uzani hupungua kidogo tu katika mwezi huo, na sehemu kubwa yake hurudi katika wiki chache zinazofuata.

Zaidi ya mianya hiyo, pana suala la kazi. Ratiba hizi zilibuniwa kwa kuwazia mtu anayeketi ofisini, anayeweza kungoja saa sita huku akinywa maji. Mchuma majani chai huingia shambani asubuhi na mapema, hubeba kikapu mgongoni kwenye miteremko, na hulipwa kwa kilo anazochuma. Kumwambia aache kiamsha kinywa ni kumwambia apunguze mshahara wake. Mwili unaoishi kwa nguvu za mikono na miguu hauna misuli ya kupoteza. Akihamishia kufunga kwake jioni, atakuwa amejitenga na chakula pekee ambacho jamaa yote hula pamoja. Na mama wa nyumba je? Yeye ndiye apikaye, aonjaye na apakuaye. Kumtaka asimame mbele ya sufuria kila siku akiwa na njaa, huku akiwalisha wengine, ni mzigo ambao waume wengi wanaosifu kufunga hawajawahi kuutwika.

Kuna pia hatari ambayo haihitaji mjadala. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya tembe za kushusha sukari anaweza kuzirai, hata kupoteza uhai, akimeza dawa na kukosa chakula. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na mzee aliyedhoofika hawafai kuingizwa katika mashindano haya. Wenye vidonda vya tumbo nao wasianze bila kumwona daktari. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko papo hapo Longisa. Hakuna sababu ya mtu mwenye maradhi kupokea maagizo ya lishe kutoka kwa abiria mwenzake katika matatu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Yule ambaye hana maradhi, ambaye kazi yake si ya sulubu, na ambaye katika miezi mitatu ameona mshipi ukilegea bila yeye kuzongwa na hasira, kizunguzungu au uroho wa usiku, na aendelee. Amepata ua unaomfaa. Lakini yule ambaye miezi mitatu imepita na mizani haijasogea, au ambaye kila jioni hula kwa kulipiza kisasi, na aache leo. Asijione mdhaifu. Wale watu wa Chicago waliochaguliwa, wakafundishwa na kufuatiliwa na wataalamu, zaidi ya theluthi yao walioambiwa wafunge hawakufika mwisho. Iweje mtu wa kawaida, asiye na wa kumwongoza, ajilaumu?

Kwa maoni yangu, wengi wa wakazi wa Longisa na viunga vyake wako katika kundi hili la pili, na kuacha kufunga hakumaanishi kukubali unene. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja kila mwezi hadi ulimi uzoee. Ugali upungue nusu, na nafasi yake ichukuliwe na maharagwe, sukuma wiki na isagek, mboga ambazo nyanya zetu walizila bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni dawa. Mwendo wa kilomita moja au mbili usiwe wa bodaboda kila mara. Likiwapo jambo moja la kuazima kutoka kwa wafungaji, na liwe hili: jiko likishafungwa baada ya chakula cha jioni, lisifunguliwe tena hadi asubuhi. Mfungo huo wa usiku hauna gharama, na haumnyimi mtu nguvu za kazi.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Zina wahudumu wa afya wa kijamii wanaozunguka vijijini. Wapewe mizani na utepe wa kupimia kiuno, wafundishwe kuzungumza na watu kuhusu sahani wanazokula kwa lugha wanayoielewa. Hapo ndipo mtu atakapojua uzani wake kabla maradhi hayajamjulisha. Mbio za kushindana na saa tumeziona. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba hiyohiyo, kibaba kilichofurika chaweza kupunguzwa.