Sala Haikatazi Tabibu



Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja wa hapa Mji Mkongwe. Mwanawe hakuwa akilala, alizisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, na alikataa chakula akidai kimetiwa sumu. Nilimwombea kijana, nikamhimiza mama awe na subira. Majirani wakampeleka kunywa kombe, kisha kupungwa pepo huko shamba. Alipofikishwa hospitali ya Kidongo Chekundu, ulikuwa umepita mwaka na nusu. Dawa zilizinyamazisha sauti, lakini skuli hakurejea. Nakiri kwamba subira ile niliihimiza mahali pasipo pake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Nchini Norwei, katika mkoa wa Rogaland, wananchi walielimishwa kupitia magazeti, redio na shule, kuanzia 1997 hadi 2000, wazitambue dalili za mwanzo. Nusu ya wagonjwa walipata tiba ndani ya wiki 5. Huko Oslo, na Roskilde ya Denmark, ilikuwa wiki 16. Baada ya miaka 10, takribani wagonjwa 31 kwa kila 100 wa Rogaland walikuwa wamepona, dhidi ya 15 kwingineko. Kuchelewa si sababu pekee ya mtu kutopona, na aliyechelewa hajakosa tumaini. Lakini ni sababu iliyo mikononi mwetu.

Wako watakaosema kwamba tunadharau mila. La hasha. Mtafiti Mmarekani Juli McGruder, aliyefanya utafiti miongoni mwa familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia, aliona jinsi imani ya majini na mafundisho ya dini yalivyozisaidia kumvumilia mgonjwa bila kumlaumu. Wema huo ni tunu, tuudumishe. Lakini mapenzi ya nyumbani hayachukui nafasi ya dawa, wala dawa haiyafukuzi mapenzi.

Basi nawasihi: kijana akianza kujitenga, kuacha kulala, kusikia sauti au kumshuku kila mtu, mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Msione haya langoni. Anayetaka kusoma kombe na asome, nasi tutasali. Ila dua ziambatane na safari ya hospitali, zisiiahirishe. Mtakatifu Luka alikuwa tabibu, na Injili yake twaisoma altareni.

Mama akinijia leo, nitasali naye njiani.