Nusu Karne na Ushei: Heko kwa Klabu za Taarab za Tanga

Imepita nusu karne na ushei tangu Black Star Musical Club na mshindani wake, Lucky Star Musical Club, ziipe taarab ya Mrima sauti yake yenyewe. Wengi waliozipigia vyombo klabu hizo wametangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wazee, na vijana wanaowaamkia barazani hawajui kuwa wanamwamkia mtu aliyewahi kusikika redioni kutoka Lamu hadi Mtwara. Yubilei ni wakati wa kuwataja watu kwa wema wao, nasi tunautumia wakati huu kusema bila kigugumizi: katika sanaa, Tanga haijapata kuwa na asasi iliyoitumikia kwa moyo kuliko klabu ya taarab.

Tunasema klabu, na klabu ndiyo tunayoikusudia. Majina ya waimbaji yanajulikana na yanastahili kujulikana. Lakini nyuma ya kila sauti palikuwa na mtunzi wa mashairi, wapiga magitaa, mpiga kinanda, katibu na daftari lake, mweka hazina, na wanachama waliochanga fedha ili vyombo vinunuliwe na chumba cha mazoezi kilipiwe kodi. Watu hao hawakuwa na mfadhili wa ng'ambo. Mchana walikuwa na kazi zao, jioni walikutana mazoezini, na mwisho wa wiki walikuwa kwenye arusi ya mtu. Kwa mchango wa mwanachama na ada ya arusi walijenga muziki uliopata mashabiki hadi Ulaya.

Mji wenyewe uliwasaidia. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea Usambara, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge. Mkonge ukavuta watu kutoka kila pembe: Wanyamwezi, Wamakonde, Waha na wengineo, wakakuta wenyeji Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Washirazi, pamoja na Waarabu na Wahindi wenye maduka yao. Kila aliyekuja alikuja na ngoma yake. Msemo wa waja leo waondoka leo unajulikana nchi nzima, lakini wengi walikuja wakabaki, na katika mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba walisikilizana na wakaigana. Bendi ya Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linaonyesha mkonge ulivyoulisha muziki wa mji. Atomic Jazz ilikuwa jirani na mshindani wake. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kenya, walikoiasisi Simba Wanyika.

Mji wa namna hiyo usingeweza kuipokea taarab ukaiacha kama ilivyokuja. Unguja ilikuwa na njia yake, nayo ni njia tukufu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, ambayo ingali hai, na mwaka 1958 ikafuata Culture Musical Club. Huko orkesta ni kubwa: fidla zimepangwa safu, kuna udi, kanuni, nai na kodiani, na sikio limeelekea Kairo. Klabu ya Tanga ilishika vyombo vilivyokuwa karibu. Gitaa la umeme likachukua nafasi ya udi, besi ikashika chini, kinanda cha umeme na kodiani vikajaza katikati, na ngoma zikaleta mwendo wa chakacha na wa rumba ambao kila mtoto wa Ngamiani aliujua kabla hajajua kusoma. Watu saba au wanane walitosha. Kundi la watu hao na vyombo vyao lilienea kwenye gari moja, likaenda Pangani, Muheza, Korogwe au Mombasa, likapiga usiku kucha na kurudi.

Msikilizaji wa leo akitaka kuelewa ustadi wao, auchukue wimbo mmoja wa wakati ule na kuusikiliza kwa utulivu. Gitaa linatangulia na kueleza lahani nzima bila neno. Mwimbaji anaingia na ubeti, mara nyingi wa mistari mitatu, kila mstari mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, vina vimekaa kati na mwisho. Anaurudia mstari ili maneno yaingie. Kisha waitikiaji wanapokea kibwagizo, na gitaa linarudi kuyajibu maneno yaleyale, mara kwa kuyafuata, mara kwa kuyapamba. Besi haina haraka wala haichoki. Sauti haipigi kelele, kwa kuwa shairi lenyewe limebeba uzito. Mtunzi amesema ndege, ua, chombo au mnazi, na kila aliyeketi ukumbini anajua si habari ya mnazi.

Hapo ndipo hadhira inapoingia kazini. Mama mmoja amekaa kimya tangu mwanzo. Mstari fulani unamgusa. Anainuka, anaiweka leso vizuri, anaikunjua noti na kuiinua juu ili ionekane, kisha anakwenda mbele kwa mwendo wa besi, taratibu, akimtazama mwimbaji. Anamtunza, anageuka, na njia nzima ya kurudi kitini anaucheza mstari ule mabegani. Kila mwenye macho ameelewa kuwa ana la kusema, na aliyekusudiwa amelisikia. Hakuna tusi lililotamkwa. Mji wa watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, wenye mapenzi, wivu, madeni na fitina kama miji yote, ulipata jukwaa la kusemezana kwa staha. Fedha zile za kutunza nazo zilikuwa sehemu ya uhai wa kundi. Mwanamke aliyeinuka na noti yake alikuwa mshiriki wa onyesho na mdhamini wa sanaa kwa pamoja.

Nyota iliyong'aa kuliko zote katika zama hizo ni Shakila Saidi, Bi Shakila wetu, aliyezaliwa Pangani mwaka 1947. Aliimba na Black Star, akaimba na Lucky Star, na baadaye akawa na kundi la taarab la JKT. Alifariki dunia Agosti 2016. Aliyeusikia wimbo wake Macho Yanacheka hahitaji kuelezwa zaidi. Sauti yake ilikuwa na utulivu wa mtu anayekwambia jambo zito sikioni, na matamshi yake yalikuwa safi hata herufi haipotei. Pamoja naye tunawataja Asmahan na Sharmila, ambao pia walizipa klabu za Tanga sauti. Jambo moja halitajwi vya kutosha: klabu hizi ziliwaweka wanawake mbele ya magitaa ya umeme, kwenye kipaza sauti, majina yao yakiwa kwenye lebo za santuri, wakati bendi nyingi za dansi zilikuwa za wanaume watupu.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tanga ina fungu lake katika heshima ya Siti pia. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, jirani na mji wetu. Mshairi mkubwa wa Kiswahili aliona kuwa maisha ya mwimbaji wa taarab yanastahili kitabu. Wakati huo wengi waliiona taarab ni mambo ya harusini tu. Miaka michache baada ya kifo chake mwaka 1962, mji wake mwenyewe ukayathibitisha maono yake.

Nyimbo za klabu zetu zilisambaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Ya pili ni Mombasa, ambako lebo ya Mzuri ilizitoa katika santuri zilizouzwa pwani nzima. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya rekodi za Black Star na Lucky Star katika albamu iitwayo Nyota, na wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuijua Tanga kwa magitaa yake. Miaka ya 1990, Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe ziliposhindana jijini Dar es Salaam na kuijaza nchi taarab ya kisasa, msingi wa gitaa, besi na kinanda ulikuwa umekwisha kujengwa huku. Nyumbani, makundi kama Babloom Modern Taarab yaliendeleza kazi. Anayeisifu taarab ya kisasa na asiitaje Tanga anakata mti na kuusahau mzizi.

Tuseme pia kuwa Tanga haiimbi taarab peke yake. Misheni ya Kianglikana ya Magila, karibu na Muheza, ni ya tangu karne ya 19. Makanisa ya Kilutheri ya Usambara yamelea kwaya na vikundi vya tarumbeta kwa vizazi kadhaa, na madrasa zetu zinafundisha kasida kwa watoto wadogo kabisa. Kwaya ya kanisani, kasida ya maulidi na klabu ya taarab zinatofautiana kwa imani na kwa nia, lakini zinaendeshwa kwa nidhamu ileile: kuja mazoezini, kumsikiliza mwenzako, kulipa mchango, kumtii anayeongoza. Mji wenye nidhamu hiyo una hazina ambayo bajeti ya mwaka haiwezi kuinunua.

Sasa tuzungumzie deni. Klabu zilizotupa yote hayo hazikuachiwa kumbukumbu inayolingana na kazi yao. Mtoto wa Tanga akitaka kusikia Black Star, anaisikia kwa bahati, kwenye simu, mara nyingi bila jina la mtunzi wala la mpiga gitaa. Hili halikubaliki, na linaweza kurekebishwa.

La kwanza ni kumbukumbu. Jengo la Boma la zamani, pale makumbusho ya Urithi yalipo, linafaa kuwa na chumba cha muziki wa Tanga: santuri, picha, vyombo, madaftari ya mashairi na sauti za wazee wakisimulia. Halmashauri ya Jiji ianze na wazee. Santuri inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi, mtu wa miaka themanini hawezi. Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi kanda za Radio Tanzania, lishirikishwe ili nakala za nyimbo za Tanga zirudi Tanga.

La pili ni haki. Sheria ya sasa ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na ofisi ya kuisimamia ipo. Kazi iliyobaki ni kuwatambua watunzi na wanamuziki wa zama zile, kuwaandikisha wao au warithi wao, na kuhakikisha wimbo unaopigwa leo kwa faida ya mtu fulani unaifikishia familia ya mtunzi chochote. Klabu zilizoendeshwa kwa daftari la katibu zinastahili kulipwa kwa daftari.

La tatu ni shule. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981. Unguja ilipata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwaka 2002, na vijana wanajifunza hapo udi na kanuni kwa walimu waliokulia ndani ya vikundi. Tanga inahitaji mahali ambapo kijana atafundishwa gitaa la taarab ya Tanga kwa mkono wa aliyelipiga. Hatuhitaji kuanza na jumba. Darasa moja la jioni katika shule ya sekondari, magitaa mawili, besi moja, kinanda kimoja na mzee mwenye subira vinatosha kuanza. Walimu wa Kiswahili nao wana nafasi yao. Vina, mizani na fumbo wanavyovifundisha ubaoni viko katika nyimbo hizi, vimeimbwa vizuri, na mwanafunzi aliyevisikia hatavisahau siku ya mtihani wala baada yake.

Kwa wanachama wa klabu zote za taarab za Tanga, walio hai na waliotangulia: hongereni sana, na ahsanteni. Mliufanya mji wa bandari na mkonge ujulikane kwa ushairi na kwa magitaa. Mlionyesha kuwa wananchi wa kawaida, wakichangishana na wakaheshimiana, wanaweza kuanzisha asasi ya sanaa na kuiendesha kwa miaka. Kwa wenye mamlaka ya jiji na mkoa: wazee hawa wanaishi kwenye mitaa mnayoiongoza, na njia ya kufika milangoni mwao ni fupi. Mwende mwaka huu, mkiwa na kinasa sauti, kalamu na karatasi, na muwaombe waanze kusimulia.